Mpini wa bastola ya shabaha: gumba linauma, kidole cha mwisho kinakufa ganzi, kilengeo hakikai katikati. Nianzie wapi?

Lenga_Mita10
Habari wakuu, naomba ushauri. Bastola ni ya hewa, milimita 4.5, ya kulenga mita 10. Mpini ni wa mbao, saizi ya kati, mkono wa kulia. Kwenye risasi ya 20 hivi shina la gumba linaanza kuuma na kidole cha mwisho kinaingia ganzi. Halafu nikifumba macho, nikainua mkono na kufumbua, kilengeo cha mbele nakikuta chini na kulia ndani ya mwanya wa nyuma, inabidi nikunje kifundo cha mkono kukirudisha. Kibao cha chini cha kuegemeza kiganja nimekipandisha mpaka kikabana, maana niliambiwa mkono usicheze kabisa. Puti ya epoksi na msasa vipo tayari. Nijaze wapi?

MzeeWaMwanya
Puti irudi kabatini kwanza. Ganzi ya kidole cha mwisho inatokana na hicho kibao: kinakandamiza neva inayopita ukingo wa kiganja upande huo. Kilegeze, ukishushe mpaka karatasi ipite kwa taabu kati yake na nyama ya kiganja. Na usipime mkono ukiwa wa baridi. Mkono ukipata joto unavimba kidogo, kwa hiyo kibao kilichokaa vizuri dakika ya kwanza kinabana dakika ya 15. Kile ni cha kuegemea tu, mkuu, si jiliwa.

FundiTupa
Naongezea. Ondoa risasi, hakikisha chemba ni tupu, kisha fungua mpini na uangalie unavyofungwa. Mipini mingi ya mashindano inashikwa na skrubu moja kubwa ya alenki inayoingia kwa chini, na kwenye baadhi kuna nafasi ya kuuzungusha mpini digrii chache, mbele-nyuma au kushoto-kulia, kabla ya kukaza. Kama wako una nafasi hiyo, huenda nusu ya tatizo la kilengeo ikaisha bila kugusa mbao. Weka alama ya penseli mahali ulipo sasa. Sogeza kidogo, kaza, rudia jaribio la kufumba macho mara 10, andika matokeo. Mara 10 kweli, si mbili. Mara mbili za kwanza mkono unajidanganya kwa sababu unajua unachotaka kuona.

Umuhimu wake ni huu: umbali kati ya vilengeo viwili ukiwa kama milimita 340, kosa la milimita 1 kwenye mwanya linakuwa karibu milimita 29 kwenye shabaha ya mita 10. Duru ya 10, ile ya alama 10 katikati ya shabaha, ina kipenyo cha milimita 11.5. Milimita hiyo moja imekupeleka duru ya 7. Ndiyo maana kukunja kifundo kila risasi hakufai hata kama risasi 5 za kwanza zinaingia. Shindano ni risasi 60, na kifundo kinachokunjwa kwa nguvu kitachoka na kurudi kinakotaka chenyewe.

Kuhusu gumba: angalia panda ya gumba na kidole cha shahada. Mbao ikiwa na ukingo mkali hapo, au panda ya mkono wako ikiwa pana kuliko mkunjo wa mpini, uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja. Paka chaki au mkaa laini kwenye kiganja, shika kama unavyoshika ukifyatua, achia. Penye weusi mzito ndipo panapogusa mno. Toa nusu milimita kwa tupa ya nusu duara, pulizia vumbi, paka tena, shika tena. Mbao ukishaitoa haina kurudi, puti inarudi.

Shahada_Huru
Mkuu, kidole cha shahada kinagusa mbao? Ndicho watu wanachosahau. Kati ya kidole hicho na mpini lazima mwanga upite, kuanzia fundo la chini hadi triga. Kikigusa, kila ukivuta unausukuma mtutu kushoto. Triga ikutane na katikati ya pingili ya kwanza na ivutwe nyuma moja kwa moja. Ikiwa mbali au karibu mno, sogeza triga yenyewe kwenye reli yake, usihamishe mkono kwenye mpini kuifuata.

Gumba nalo lilale tu. Kazi ya kushika ni ya kidole cha kati na cha pete, vikivuta nyuma kuelekea kiganja. Wengi wanaolalamika gumba linauma ukiwatazama kucha imekuwa nyeupe kwa kubonyeza.

Lenga_Mita10
Asanteni. Kibao nimekishusha milimita 2, ganzi imeondoka. Shahada ilikuwa inagusa kidogo, nimetoa mbao hapo. Mpini una nafasi ya kuzunguka kushoto-kulia tu. Nimeuzungusha, kulia kumepungua lakini hakujaisha. Chini bado vilevile. Sasa je, puti?

FundiTupa
Sasa ndiyo. Lakini fikiri upande kabla ya kukanda. Kilengeo cha mbele kikiwa chini, mtutu unaangalia chini, na unataka uinuke bila kifundo kukunjwa. Jaza nyuma ya mpini kwa chini, pale kiganja kinapokaribia kifundo. Puti inausukuma mguu wa mpini mbele na mtutu unapanda. Ukijaza juu, chini ya panda, mtutu utazidi kushuka. Watu hujaza juu kwa sababu ndipo wanapoona uwazi.

Kwa kulia kilichobaki: jaza nyuma upande wa kushoto, linapolala shina la gumba. Nyuma ya bastola inasogea kulia, mtutu unakuja kushoto. Ila kwa kuwa hapo ndipo panapokuuma, weka tabaka jembamba na pana, kisiwe kinundu. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelezo haya.

Kabla ya puti jaribu kwa tepu ya kitambaa, tabaka juu ya tabaka, au udongo wa kuchezea wa watoto. Fanya mazoezi nayo siku kadhaa. Ikikupeleka siko, unabandua tu.

MzeeWaMwanya
Na puti yenyewe: mpini utoke kwenye bastola, kamwe usikwangue ukiwa umefungwa, vumbi la mbao likiingia kwenye mtambo wa triga ni balaa. Kwangua eneo kwa msasa namba 80 puti ishike. Ziba tundu la skrubu kwa tepu. Vaa glavu, kanda sehemu mbili sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja bila mistari. Ikibaki mistari kuna mahali haitakauka. Bandika unene wa milimita 1 hadi 2, tandika nailoni nyembamba ya kufungia chakula, rudisha mpini kwenye bastola, shika kwa nguvu yako ya kawaida ya kufyatua, inua mkono ulenge. Ukishika kwa nguvu zaidi utabaki na umbo la ngumi, na siku ya kutulia mkono utaelea. Achia polepole, acha saa 24. Kisha tupa, msasa 120, na barakoa usoni. Vumbi la epoksi si la kuvuta.

Sanduku_420
Kabla hujafurahi, pima. Kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha) zinataka bastola ya hewa iingie kwenye sanduku la milimita 420 × 200 × 50, na uzito usizidi gramu 1,500. Hiyo 50 ndiyo inayoliwa na puti ya pembeni. Kibao cha chini kisiinuke kukumbatia kiganja: pembe yake na mpini isipungue digrii 90. Kifundo kionekane huru, bila kuegemea kitu. Na ukisogeza triga, pima tena uzito wa kuivuta, usishuke chini ya gramu 500.

Lenga_Mita10
Upana umebaki milimita 48 baada ya kujaza. La mwisho: nipake vanishi?

FundiTupa
Hapana, jasho likikutana na vanishi mpini unakuwa sabuni. Mbao iliyo wazi ipake mafuta ya kitani kiasi kidogo, futa yaliyobaki, iache ikauke. Juu ya puti usipake kitu. Chomachoma vitundu vidogo kwa ncha ya patasi ngozi ipate pa kushika. Lakini subiri wiki mbili tatu za mazoezi kwanza, maana utakwangua tena.