Gumzo la ukoo: Bingwa wa Upanga

Faraji: Shikamooni wakubwa. Kuna aliyewahi kumaliza ile gemu ya maharamia, The Secret of Monkey Island, humu? Huyu Bingwa wa Upanga, Carla, ananitoa jasho. Kila nikimwendea narudishwa nyuma hadi upanga unanitoka mkononi.

Mjomba: Marahaba. Tatizo lako huangalii mkono wake. Akifyeka juu unainama, akifyeka chini unaruka, akichoma unakinga. Basi.

Dada Rehema: Mjomba, hayo ni ya Sid Meier's Pirates! 😂 Gemu nyingine kabisa hiyo.

Mjomba: Upanga ni upanga. Mimi ile ya 2004 nilikuwa nachagua ule mwembamba, una kasi ya kushambulia. Waoga ndio walichukua kitara, eti kinakinga vizuri.

Dada Rehema: Na waoga ndio walioshinda. Haya Faraji, sikiliza. Hii ya 1990 vidole havina kazi, panga zinagongana zenyewe. Mmoja anarusha kijembe, mwenzake anajibu. Jibu likikaa, aliyejibu anasonga mbele na zamu ya kutukana inakuwa yake. Likipwaya, anasukumwa nyuma.

Mama Mdogo: Ngoja kwanza. Mtu anashinda vita kwa kupashana?

Dada Rehema: Ndiyo Mama Mdogo.

Mama Mdogo: Na miaka yote hii hamkuniambia.

Faraji: Hilo la vijembe nalijua dada. Upanga nimenunua kwa sarafu 100, Captain Smirk nimemlipa 30 anifunze, na hizo hela nilizipata kwa kurushwa na mzinga kwenye sarakasi.

Mjomba: Mzinga??

Faraji: Wanakupakia ndani wanakufyatua, Mjomba. Unavaa sufuria kichwani. Wanalipa 478.

Mama Mdogo: Sufuria umetoa wapi?

Faraji: Jikoni kwenye baa ya maharamia. Niliichukua tu.

Mama Mdogo: Uliiba.

Dada Rehema: Mama Mdogo, kijana anasomea uharamia, na wizi ni mtihani mmojawapo 😂 Faraji, wale maharamia wa njiani umewashinda?

Faraji: Wote ninaokutana nao sasa nawanyamazisha. Mmoja hata kaniambia niko tayari kumkabili Bingwa. Nimefika kwake, anatukana matusi ambayo sijayasikia kwa mtu yeyote!

Dada Rehema: Hapo ndipo utamu ulipo. Carla ana vijembe vyake mwenyewe, lakini majibu ni yale yale uliyookota njiani. Huulizi tena "tusi hili jibu lake lipi", unauliza "katika majibu niliyonayo, lipi linaingia hapa".

Mama Mdogo: Tuma moja tuone.

Faraji: Hili ndilo limenikwamisha. Anajigamba kuwa jina lake linaogopwa kila kona chafu ya kisiwa. Nimepitia orodha yote, sina jibu la jina wala la kuogopwa.

Mama Mdogo: Achana na jina. Hapo amejikwaa kwenye "chafu". Huna jibu lolote la uchafu?

Faraji: Lipo moja la kumwambia kumbe ile kazi ya usafi aliipata. Lakini hilo ni la yule haramia aliyesema leso yake itapangusa damu yangu.

Mama Mdogo: Mpe hilo hilo.

Faraji: 😳

Faraji: AMERUDI NYUMA

Mjomba: Kwa kuitwa mfagizi tu?

Mama Mdogo: Mtu anayejisifu huwa anakuachia mpini mwenyewe. Leta lingine.

Faraji: Anasema atanikamua damu yote mwilini.

Mama Mdogo: Kukamua. Una la ng'ombe?

Faraji: Ninalo! Haramia mmoja aliniambia napigana kama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, jibu ni kwamba basi yeye ndiye ng'ombe.

Dada Rehema: Mama Mdogo, hujawahi kucheza kweli?

Mama Mdogo: Nimeishi na wifi zangu.

Shangazi: Nimekuona.

Mama Mdogo: Shikamoo wifi 😅

Faraji: Nimeshindwa tena jamani. Kuna tusi katika yote niliyonayo hakuna hata jibu moja linalolikaribia.

Dada Rehema: Basi hukukusanya ya kutosha. Rudi njiani. Na safari hii usikimbilie kushinda. Kukiwa na kijembe ambacho jibu lake hulijui, mrushie haramia mwingine kwa makusudi. Akikukata kauli, umeshalipata jibu, linaingia kwenye orodha yako. Wakikutukana tusi jipya pia kaa kimya ulibebe, ukamrushie anayefuata. Hufi humo, wala hawakunyang'anyi kitu.

Mjomba: Yaani anaenda kutukanwa makusudi. Sijaona vita ya hivi.

Dada Rehema: Ndiyo maana naipenda kuliko ile yako. Ile ya kuruka na kuinama, ukishazoea mikono ni ile ile.

Mjomba: Hujapanda meli ya adui mabaharia wake wamekuzidi, wewe. Usiseme kitu.

*(jioni)*

Faraji: NIMEMPIGA CARLA!!!

Dada Rehema: 👏👏👏

Shangazi: Hongera mwanangu. Wamekupa nini?

Faraji: Fulana.

Mjomba: Fulana?

Faraji: Imeandikwa kuwa nimemshinda Bingwa wa Upanga. Pamba tupu, Mjomba.

Mjomba: Mimi kwenye yangu nilikuwa nachukua meli nzima.

Mama Mdogo: Faraji, zimebaki nyingine za hivi? Hii imeisha haraka.

Faraji: Hii bado sana Mama Mdogo, huo ulikuwa mtihani mmoja kati ya mitatu. Nimebakiza hazina na wizi.

Mama Mdogo: Hayo ya wizi fanya na Rehema. Mimi nataka ya maneno.

Dada Rehema: Ipo The Curse of Monkey Island, ya 1997. Huko ukifika baharini jibu lazima lilingane na tusi kwa vina, la sivyo halihesabiwi.

Mama Mdogo: Vina?

Dada Rehema: Vina.

Mama Mdogo: Wifi, unasikia?

Shangazi: Nasikia. Faraji, kesho tuletee hicho kitu hapa nyumbani.