Kitabu gani cha rejea kinamfaa anayejifunza Python?

Mhasibu_Moro

Wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mhasibu katika SACCOS moja, na kila mwisho wa mwezi ninaunganisha kwa mkono majedwali ya Excel yanayoletwa na matawi. Nimeamua kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ili kazi hiyo ifanywe na kompyuta, na mambo ya awali kama vigeu, masharti ya if na vitanzi nimekwisha kuyaelewa. Sasa ninatafuta kitabu kimoja cha kukaa nacho mezani, ambacho nikikwama nitakifungua na kupata jibu. Muuzaji mmoja wa vitabu vilivyotumika ana kitabu kinene sana cha Python kilichochapishwa mwaka 2009, na bei yake ni nafuu. Mwenzangu ofisini anashauri nikichukue, kwa hoja kwamba kitabu kinene hakikosi kitu. Je, mtu ambaye bado ni mwanafunzi anakipimaje kitabu cha fani asiyoijua?

Fundi_Mitambo

Mkuu, hicho kiache hapo hapo kilipo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, kwa hiyo vitabu vingi vya mwaka 2009 bado vilikuwa vikifundisha Python 2, ambayo waendelezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Baadhi ya tofauti hujitangaza zenyewe: ukinakili print isiyo na mabano, Python ya leo itaukataa mstari huo papo hapo. Kwa mtu wa hesabu, zinazonitia wasiwasi ni zile zinazopita kimya kimya. Katika Python 2, 7500/2000 ilitoa 3, kwa kuwa namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili sehemu ya desimali ilitupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.75, na anayetaka 3 huandika 7500//2000. Kitabu cha zamani kitakufundisha kanuni ya kwanza bila wasiwasi wowote, nawe utajenga hesabu za wanachama juu yake.

Kabla ya kulipia kitabu chochote, soma utangulizi na utafute mwandishi alitumia toleo gani la Python. Usitegemee mwaka wa uchapaji peke yake, maana vipo vitabu vinavyochapwa upya bila kuhaririwa. Mimi mpaka wangu wa chini ni 3.7, toleo la mwaka 2018, kwa sababu kuanzia hapo dict (kamusi ya Python, inayotunza vitu kwa majina yake) imehakikishiwa kutunza mpangilio ambao vitu viliingizwa, ilhali vitabu vya nyuma vitakuambia kwamba mpangilio huo hautegemeki.

Mwl_Kompyuta

Nakubaliana na Fundi kuhusu toleo, lakini naomba nirudi kwenye hoja ya unene, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Kitabu cha kujifunzia husomwa kwa mfululizo na kila sura hutegemea iliyotangulia. Kitabu cha rejea hufunguliwa katikati na mtu anayejua anachokitafuta. Kitabu kinene kinachoorodhesha kila amri bila kueleza sababu kinamfaa aliyekwisha kubobea, na kwako wewe kitakuwa kama daftari la namba za simu za watu usiowajua.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni kuandika mambo matatu yaliyowakwamisha hivi karibuni, kisha kuyatafuta kwenye faharasa ya kitabu. Faharasa ikiwa fupi au haipo, mjadala umekwisha, hata kama sura zenyewe zimeandikwa vizuri. Ukiyapata, soma ukurasa mzima na uangalie kama mwandishi anataja yale yanayoharibika. Kwa kazi yako, tafuta anasemaje kuhusu 0.1 + 0.2, ambayo Python huijibu 0.30000000000000004. Mwandishi makini ataeleza kwamba kompyuta hutunza namba hizo kwa mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 tu, na haiwezi kuiandika 0.1 kwa ukamilifu, kisha atakuelekeza kwenye moduli ya decimal, sehemu ya Python ya kuhesabu desimali kwa usahihi, kwa mambo ya fedha. Asiyegusia jambo hilo popote hakuandika kwa ajili ya mhasibu.

Kipimo kingine ninachokipenda ni kuona kama kitabu kinakutahadharisha kuhusu funksheni (kipande cha programu chenye jina) inayoongeza jina kwenye orodha na iliyoandikwa def ongeza(jina, orodha=[]). Orodha ile hutengenezwa mara moja tu, wakati funksheni inapofafanuliwa, hivyo ukiiita mara ya pili bila kuipa orodha nyingine utakuta jina la kwanza bado limo ndani.

Mlinzi_wa_Seva

Mimi naona fedha zitumike kwenye kitabu cha kujifunzia, rejea ibaki kuwa nyaraka rasmi za Python. Zinasasishwa kwa kila toleo, na zinaweza kupakuliwa zote kwa pamoja zikasomwa bila bando. Hata bila kuzipakua, ukiandika help(str.split) ndani ya Python utapata maelezo hapo hapo. Na hata cha kujifunzia si lazima kinunuliwe: Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart kinasomeka bure mtandaoni kwa ridhaa ya mwandishi mwenyewe, na kina sura nzima ya kushughulikia faili za Excel kwa openpyxl, moduli ya Python ya kusoma na kuandika faili hizo.

Mwl_Kompyuta

Nyaraka rasmi ni sahihi, lakini ni kavu, na zile za maktaba, yaani za moduli zinazokuja na Python, hudhani kwamba unajua jina la kitu unachokitafuta. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza mara nyingi halijui jina hilo.

Mhasibu_Moro

Nimewaelewa, na cha 2009 sikichukui. Nitaanza na hicho cha Excel huku nikipakua nyaraka. Swali lililobaki ni hili: kwa hesabu za riba, suala la 0.1 nilisome wapi humo kwenye nyaraka?

Mlinzi_wa_Seva

Fungua ile sehemu ya mafunzo, sura ya 15, yote inahusu jambo hilo. Ukitoka hapo ingia kwenye ukurasa wa decimal katika maktaba. Uwe mwangalifu na alama za nukuu: Decimal('0.1') ni 0.1 kamili, lakini Decimal(0.1) inabeba kasoro ile ile uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo thamani ya desimali inayotoka kwenye jedwali ipitishe kwanza kwenye str(), inayoigeuza kuwa maandishi.