Mjadala: Msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani uendelee kusaliwa, au ufungwe uhifadhiwe?

Assalaam alaykum nyote. Hoja ninayoileta ni hii: msikiti wa kale kama ule wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ubaki mikononi mwa wanaousali, au ufungwe na kukabidhiwa wataalamu wa mambo ya kale usiguswe tena? Mimi nasema usaliwe.

Kwa asiyeujua, ukiupita kwa nje hutageuza shingo. Ni jengo dogo la kijijini lenye paa la mabati. Utajiri wake uko ndani, kwenye ukuta wa kibla: mihrabu iliyochongwa kwa matumbawe, na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja Mfunguo Pili (Dhulqaada) mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Jiwe la aina ile huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini karibuni, kwa sababu likikauka hugoma patasi. Mafundi waliofanya kazi ile walikuwa mabingwa, na kila mara nikisikia mtu akisema pwani yetu haikuwa na kitu kabla ya Wareno, hutamani nimpeleke Dimbani akajionee.

Wanaotaka ufungwe wana hofu ya haki. Wanasema waumini watapaka rangi, watatoboa ukuta wapitishe waya, watapiga plasta ya saruji. Hili la saruji ndilo zito. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na baada ya miaka plasta huporomoka na ngozi ya jiwe ndani yake. Hapo sibishani nao hata kidogo. Dawa yake ni chokaa na fundi anayeijua, pamoja na sharti kwamba ukuta wa kibla hauguswi bila idhini ya wahifadhi. Sioni kufuli linaingiaje hapo.

Wengine wanataka urudishwe ulivyokuwa mwaka 1107. Hao siwaelewi. Msikiti huu ulijengwa upya mwaka 1184 Hijria, yapata 1770. Tubomoe kazi ya karne ya 18 tutafute ya karne ya 12? Umefika kwetu kwa sababu kila kizazi kiliutengeneza kikasali ndani yake.

Tazameni Kilwa Kisiwani. Msikiti mkuu wa pale ni mkubwa mara nyingi kuliko huu, na magofu yake yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hata hivyo mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, na ilichukua miaka 10 ya kazi ngumu kuyaondoa huko. Hadhi waliipata mapema. Walichokosa ni watu wa kulitumia jengo kila siku.

Ningependa pia wageni wanaofika Kizimkazi kuangalia pomboo wachangie chokaa hiyo, fedha zikisimamiwa na kamati ya msikiti pale pale kijijini.

Sasa anayetaka ufungwe anijibu: siku upepo wa masika utakapoinua bati moja, nani ataliona kabla ya mvua kufika kwenye mihrabu?