Deni la gari nimemaliza, kadi nimepewa, ufunguo wa pili mmeupeleka wapi?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu naamini wengi humu mmenunua magari kwa mkopo kutoka yadi za Dar es Salaam na bado hamjajiuliza ninachouliza leo: ule ufunguo wa pili ambao muuzaji alibaki nao kama dhamana, nani anautunza, anautunza wapi, na siku deni likiisha unarudi mkononi mwa nani?

Mkataba wangu, ambao uko mezani hapa wakati naandika, una kipengele kinachosema waziwazi kwamba muuzaji atabaki na kadi halisi ya gari pamoja na ufunguo wa akiba mpaka mnunuzi atakapomaliza malipo yote. Nilisaini bila kinyongo, kwani biashara ya mkopo ina masharti yake, na sikuona ubaya kwa mtu aliyenikopesha mali ya mamilioni kutaka njia ya kulifikia gari endapo ningeshindwa kulipa. Malipo nimemaliza, risiti zote ninazo, kadi nilikabidhiwa na umiliki umeshahamishiwa jina langu TRA. Nilipouliza ufunguo, kijana wa mapokezi aliniambia bosi yuko safarini, nirudi wiki ijayo. Baadaye nikaelezwa kwamba ofisi ilihama na baadhi ya funguo hazijapangwa. Hatimaye bosi mwenyewe, bila hata kuona haya, akaniambia kwamba magari ya Japani siku zote huja na ufunguo mmoja. Nikamfungulia mkataba kwenye kipengele kile na kumwonyesha saini yake. Akaniomba nimwachie namba ya simu, namba ambayo amekuwa akiitumia kunidai marejesho kila mwisho wa mwezi.

Wapo watakaoona napiga kelele kwa ajili ya kipande cha chuma, hivyo niwaeleze kilichotokea Chalinze.

Tulikuwa safarini kwenda Morogoro, mimi, mke wangu na mtoto wetu ambaye hajafikisha miaka mitatu. Tulisimama sheli kujaza mafuta. Nilizima injini, nikashuka na kufunga mlango, nikawa nazungumza na mhudumu nikiwa nimeegemea gari. Ufunguo ulibaki kwenye swichi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia msalani. Mtoto akajivuta hadi kiti cha mbele, akabonyeza kitufe cha kufunga milango, na milango yote minne ikajifunga mbele ya macho yangu. Vioo vilikuwa vimepandishwa kwa sababu ya kiyoyozi, na kiyoyozi kilikuwa kimezimika pamoja na injini. Jua la saa saba mchana la Chalinze wasafiri mnalijua. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Tulimbembeleza abonyeze tena, tukamwonyesha kwa vidole, naye akadhani ni mchezo, kisha akaanza kulia.

Fundi wa kufungua milango aliahidi kuja na bodaboda, ila hakusema yuko wapi. Hatukumsubiri. Mhudumu alivunja kioo cha mlango wa nyuma, upande ulio mbali na mtoto, kwa spana ya magurudumu. Kioo cha mlangoni, tofauti na cha mbele chenye utando katikati, humwagika chembechembe butu, kwa hiyo mtoto alitoka salama, ametota jasho tu. Mke wangu alirejea wakati tunakung'uta vioo kwenye kiti, mkoba ukiwa begani mwake, na humo mkobani ndimo ufunguo wa pili ulipotakiwa kukaa, maana ndivyo tulivyokubaliana tangu siku tuliyochukua gari. Kwa wanaojiandaa kuniandikia kwamba mtoto haachwi ndani ya gari: nilikuwa nimeligusa gari kwa mgongo wangu. Tuendelee na hoja.

Yadi wameniambia kwamba kioo hakiwahusu, na kuhusu ufunguo wakanishauri, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, niende Kariakoo nikachonge mwingine. Ushauri huu ndio ulionikera kuliko yote, kwa kuwa wao wanauza magari kila siku na wanajua fika kwamba ufunguo wa gari la kisasa hauishii kwenye chuma. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyohitaji betri. Unapochomeka ufunguo, pete iliyozunguka swichi huisoma chipu hiyo, na kompyuta ya gari isipoitambua, injini haiwaki hata kama chuma kimechongwa kwa ustadi kiasi gani. Fundi anayeelewa kazi lazima achonge chuma, atafute chipu inayolingana na gari, kisha aunganishe mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi ili ausajili ufunguo mpya. Kama una ufunguo mmoja unaofanya kazi, shughuli hiyo ni ya muda mfupi na bei inavumilika. Ukipoteza wote, fundi analazimika kuanza upya na kompyuta yenyewe, kwa baadhi ya magari hadi aifungue, na bei inapanda mara kadhaa. Kwa maneno mengine, yadi wamenibakiza hatua moja tu kutoka kwenye gharama kubwa, kisha wanataka niilipe mwenyewe ile ndogo.

Gharama, hata hivyo, si kiini cha malalamiko yangu. Tuchukulie nimechonga. Ule ufunguo wao halisi bado upo mahali fulani, na unafungua gari langu na kuliwasha. Naweza kumlipa fundi aufute kwenye kompyuta, na hapo hautaweza tena kuwasha injini, lakini ule ulimi wa chuma utaendelea kuzungusha kitasa cha mlango wa dereva mpaka nibadilishe na kitasa chenyewe. Mtu mwenye ufunguo huo hahitaji kuvunja kitu. Akifungua mlango mchana kweupe, majirani watadhani ni shemeji. Na iwapo gari litaibwa, kampuni za bima kwa kawaida hutaka mdai awasilishe funguo zote za gari kabla ya kulipa. Mimi nitawasilisha mmoja, halafu nianze kueleza habari za ofisi iliyohama.

Nilipokuwa pale yadi nilitumia muda wangu wa kusubiri kutazama wanavyotunza funguo za watu. Kuna ubao ukutani wenye misumari, baadhi ya funguo zina karatasi ya namba ya chesisi na nyingine hazina kitu, na kila anayepita, awe mwosha magari, fundi umeme au dalali aliyeleta mteja wa kujaribu gari, anachukua anachotaka bila kusaini popote. Naelewa kwamba magari mengine kweli hufika na ufunguo mmoja. Kwenye meli ambazo magari huingia na kutoka kwa kuendeshwa, lazima ufunguo mmoja usafiri na gari, na huo wa pili unaweza kupotelea popote kati ya mnada wa Japani na bandari yetu. Sawa, ikiwa ndivyo, muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba gari lina ufunguo mmoja na apunguze bei. Hawezi kuandika "ufunguo wa akiba" siku ya kunibana na kuukana siku ya kunirudishia. Ama alikuwa nao akaupoteza, ama hakuwa nao akasaini uongo. Katika hali zote mbili, anayedaiwa sasa ni yeye.

Ninachowadai kimeandikwa katika barua ninayowapelekea Jumatatu, nakala nikibaki nayo yenye muhuri wao wa kupokea: wanirudishie ufunguo, au walipe gharama ya kusajili mpya, kuufuta wa zamani na kubadilisha vitasa, pamoja na kioo. Wakikaa kimya, nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji, na nitaambatisha ukurasa ule wa mkataba. Pia nitatoa taarifa polisi kwamba ufunguo wa gari langu haujulikani ulipo, ili likitokea la kutokea pawe na maandishi yenye tarehe.

Ninyi ambao bado mnalipa, ombeni sasa hivi kuonyeshwa ufunguo wenu, msisubiri rejesho la mwisho. Ujaribuni kwenye gari, uwashe injini kabisa, kisha ufungiwe kwenye bahasha yenye saini za pande zote mbili. Ulizieni na kile kibati kidogo chenye namba ya ufunguo ambacho magari mengi hutoka nacho kiwandani, kwani kwa namba hiyo ufunguo unaweza kuchongwa hata bila sampuli; nacho hupotelea kwenye misumari hiyohiyo.

Waliopitia haya naomba waandike hapa walijibiwaje na yadi zao, na kama yupo aliyewahi kulipwa, aeleze alitumia njia gani na ilichukua muda gani. Wenye yadi mliomo humu nanyi karibuni. Nawasubiri mnieleze ule ubao wa misumari.