Naomba ushauri: vijana wangu wa bustani hawataki kuvaa kinga

Habari zenu wakuu. Nina kampuni ndogo ya kutunza bustani za majumbani na maofisini. Vifaa vya kinga vipo: buti, glavu, miwani, viziba masikio. Shida ni kuvaa. Nikigeuka tu, miwani inapandishwa kwenye paji la uso, eti inaingia ukungu.

Kinachoninyima usingizi ni mashine ya kufyekea. Uzi wake ukigonga kokoto, inaruka kama risasi, ndiyo maana maelekezo ya mashine hutaka watu wakae umbali wa mita 15. Sasa mteja anatoka na mtoto kuangalia kazi, kijana anaona aibu kuzima. Nyie mnawaambiaje wateja bila kuwaudhi? Halafu mlio wake unapita desibeli 85, kiwango ambacho ukikisikia kutwa, siku hadi siku, masikio yanaharibika.

Kwenye dawa za magugu na wadudu nimebana: hatupulizi upepo ukivuma, dawa haihamishiwi kwenye chupa za maji, na nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Ila barakoa za kitambaa hazizuii mvuke, na zile zenye vichujio wanalalamika zinawakosesha pumzi juani. Wenye uzoefu, mnapuliza saa ngapi?

Na asiyevaa kinga, mnamkata pesa au mnamrudisha nyumbani siku hiyo? Mimi naona kukata pesa kunazaa chuki tu.