Kwa nini Ziwa Tanganyika lisifungwe kwa zamu?

Mwenye mada, Kibirizi
Ndugu wanajukwaa, swali hili limenikaa moyoni tangu mwaka 2024, ziwa letu lilipofungwa kwa uvuvi, ili samaki wazaliane, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mtumbwi wangu ulikaa nchi kavu, nyavu zikiwa chini ya turubai, na vijana wanne wanaoutegemea walirudi kulima. Sipingi kufungwa. Ninachouliza ni kwa nini Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo zisifunge kwa zamu, ili soko la Kigoma lisikose dagaa na migebuka kwa wakati mmoja.

Mdau wa uvuvi, Kigoma Mjini
Ndugu yangu, zamu isingetufaa, kwa kuwa dagaa na migebuka huishi katika maji ya wazi na huhama bila kujali mpaka. Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa, sisi 41, Burundi 8 na Zambia 6. Kwa hiyo dagaa watakaozaliana kwetu tukiwa tumefunga watavuliwa usiku kwa taa za kuwavuta upande wa pili kabla hawajakomaa, na vijana wako watakuwa wameumia bure. Ndiyo maana nchi hizo zilisaini mkataba wa ziwa hili jijini Dar es Salaam mwaka 2003, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Dagaa hukua upesi, na miezi mitatu huwapa nafasi ya kweli. Mgebuka, anayewala dagaa hao, huchelewa kukomaa, na kwake naona ukubwa wa tundu la wavu una uzito kuliko kalenda.

Mchuuzi wa dagaa, Ujiji
Kaka, vichanja vyangu navyo vilikaa vitupu, nikauza maharage ili watoto wasome. Ningevumilia tena, mradi sheria imbane kila mtu, kwa sababu mmoja akiwasha taa usiku huku wenzake wametii, utiifu wao humnufaisha yeye. Nchi nne ziwe na doria ya pamoja na daftari moja la mitumbwi.

Mwenye mada
Nimeelewa, dada. Je, vizimba vya kufugia samaki ziwani vingetuvusha miezi hiyo?

Mdau wa uvuvi
Vinaweza, ila mbegu iwe ya samaki wa asili wa ziwa hili. Sato wa kutoka Ziwa Victoria akitoroka kizimbani Kigoma, atakuwa ameingia katika maji ya nchi zote nne, na hakuna wavu utakaomrudisha.