Bibi ninayemhudumia, mjukuu wake na ile kura ya 2016 (pia: hii fomu ya halmashauri nijaze?)

Dada wa Boston:

Habarini wadau, shikamooni wakubwa. Mi mgeni humu, niliingia kwa viza ya kulea wazee, niko Boston, siyo ile ya Marekani, hii ya Lincolnshire huku mashambani, kabichi na koliflawa mpaka macho yanachoka. Nina maswali mawili, moja la makaratasi, lingine ni umbea mnisamehe.

La kwanza: halmashauri wameleta fomu wanataka majina ya wote wanaoishi kwenye nyumba kwa ajili ya daftari la wapiga kura. Tunakaa wanne, wote wa kuja. Mwenzangu mmoja kasema niichane, eti nikijaza itaonekana najifanya raia na viza itanitokea puani.

La pili, kuna bibi namhudumia mara tatu kwa siku, asubuhi kumwogesha, mchana chakula, usiku kumlaza. Ana miaka 84, ujana wake wote kafunga mboga kiwandani, vidole vimepinda kama tangawizi. Ananipenda, ananiita binti yangu. Juzi kaja mjukuu wake toka Nottingham, mimi nachemsha chai, tivii ikataja Brexit, ile ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, bibi akasema neno moja tu sikulisikia vizuri, yule kijana akanyanyuka akachukua koti akaenda zake, chai yake hata maziwa sijatia. Bibi akaniambia ndo hivyo tangu 2016. Na kwamba yeye alipiga kura ya kutoka na leo wakiirudia anapiga ileile. Nikabaki na kikombe mkononi. Yaani huyu anayeniita binti yake alipiga kura watu kama mimi tusije? Na siyo yeye tu, kila nyumba ninayoingia hadithi ni hiyohiyo, wazee huku vijana kule. Wenyeji nieleweshani.

Mama Mapacha, Leicester:

Marahaba mdogo wangu, karibu. Usichane!! Ile fomu ni lazima uijibu na usipojibu faini ipo. Na huyo mwenzako hajui, Tanzania iko Jumuiya ya Madola kwa hiyo mtu mwenye viza halali kama wewe unaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura kabisa, ya diwani na ya ubunge, bila kuwa raia. Tena jiandikishe hata kama siasa hazikuhusu, maana siku ukitaka laini ya simu ya mkataba au mkopo wanakuangalia kwenye lile daftari. Siku ya kura England sasa wanataka kitambulisho chenye picha, pasipoti yako ya Tanzania inatosha. (Kichekesho: kadi ya basi ya wazee inakubaliwa, kadi ya treni ya vijana haikubaliwi. Wewe jiulize nani kapangiwa mambo yaende laini.)

Sasa umbea wako. Tarehe 23 Juni 2016, waliosema Kutoka walikuwa asilimia 51.9, Kubaki 48.1, tofauti ya kura kama milioni moja na robo hivi. Hapo ulipo wewe Boston ndo pa kwanza nchi nzima kwa Kutoka, 75.6. Lambeth pale London asilimia 78.6 wakasema Kubaki. Ni nchi moja hiyo.

Baada ya kura Lord Ashcroft, tajiri mmoja anayefanyisha kura za maoni, aliwauliza watu zaidi ya 12,000 walipiga nini. Wenye miaka 18 hadi 24, asilimia 73 Kubaki. Wa 65 kwenda juu, 60 Kutoka. Halafu tabaka, hawa wenzetu wanagawa watu kwa herufi kufuatana na kazi ya mtu, A na B ndo mameneja, mawakili, madaktari, wakashuka mpaka D na E vibarua na wanaoishi kwa ruzuku. A na B asilimia 57 Kubaki, na ndo kundi pekee lililokuwa na wengi upande huo. Mafundi na vibarua, 64 Kutoka. Ila mimi kilichonishangaza kuliko vyote ni nyumba. Mwenye nyumba aliyomaliza kulipa, wengi Kutoka. Anayelipa mkopo bado, wengi Kubaki. Anayekaa nyumba ya halmashauri, karibu theluthi mbili Kutoka. Umeona? Mzee mwenye nyumba yake na bustani ya waridi na jirani yake maskini wa ghorofani wakapiga kura moja, huku aliyebanwa katikati, mwenye mkopo na watoto wadogo, akapiga nyingine. Kwa hiyo msiniambie ni matajiri na maskini basi, haijakaa hivyo. Na shule nayo, mwenye digrii na asiyenayo walitengana kuliko hata wanavyotengana kwa mshahara.

Mzee wa Coventry:

Assalaam alaykum. Mwanangu wa Boston, nisikilize mie kwa kuwa humu wengi wataona haya kusema. Mie nilipiga Kutoka. Mtu wa Mombasa, mweusi, Muislamu, nimekuja hapa miaka ya themanini nikafanya kiwanda cha magari hadi kikafungwa, nyumba nimeilipa ikesha. Nikapiga Kutoka na wanangu watatu wakanisusia Iddi nzima.

Sababu yangu ntakwambia. Mwaka 2012 walileta sheria kuwa ukitaka kumleta mkeo toka nje ya Ulaya lazima uwe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Mie wakati huo nilishapunguziwa masaa. Mke wangu akakaa Kisauni miaka miwili na ushei na mie huku napika ugali wa mtu mmoja. Na jirani yangu kutoka Ulaya, kijana mzuri sana hana ubaya, akamleta mkewe kwa basi. Kwa basi! Hakuulizwa hata jina la babake. Sasa ukaja upande wa Kutoka wakatwambia wakishinda, watu wa Madola tutatazamwa sawa na wa Ulaya. Priti Patel, waziri wa wakati huo, alikuwa akiyasema hayo mchana kweupe, hata kwa wenye mikahawa ya kihindi waliokosa wapishi. Mie nikaingia mkenge.

Siyo chuki kwa hiyo. Ila pia sitadanganya, kulikuwa na ka-uzee ndani yake. Ukishafika umri fulani ukaona duka ulilolizoea limefungwa, klabu ya kiwanda imefungwa, waona kila kitu kinabadilishwa na watu wasiokuuliza, siku ukiulizwa wajibu kwa hasira. Kwetu Kenya kura ya katiba ya 2005, ya chungwa na ndizi, watu walifuata kabila na mkoa, mzee na kijana wa boma moja walikwenda pamoja. Hapa boma ndilo lililopasuka. Bintiangu yuko London, muhasibu, aliniambia baba umepiga kura juu ya maisha ambayo wewe hutayaishi. Maneno hayo bado yanikaa kooni.

Mama Mapacha, Leicester:

Mzee wangu nakuheshimu lakini hiyo ahadi ya sawa kwa sawa mbona ilitimizwa kwa kumbana wa Ulaya na siyo kukulegezea wewe. Kile kiwango cha kumleta mwenza leo ni pauni 29,000, tangu Aprili 2024. Na huyu binti wa Boston aliyekuja kulea wazee, kuanzia Machi 2024 walioomba viza yake hawakuruhusiwa kuja na mume wala mtoto, mpaka Julai 2025 walipofunga kabisa kuiomba toka nje.

Mzee wa Coventry:

Najua. Nimesema niliingia mkenge.

Ndugu wa Tottenham:

Jambo bandugu. Miye niliona ajabu ingine. Niko mtu wa Lubumbashi, nilipita Ubelgiji nikapata pasipoti yao, nikakuja London, nalipa kodi hapa miaka na miaka. Siku ya kura ile, Mtanzania tunayekaa naye flati moja, mwanafunzi, hata mwaka hajamaliza, akaenda kupiga. Miye niliyekuwa nazungumziwa mule mule, nikabaki na sahani za kuosha. Watu wa Ulaya hatukuruhusiwa, isipokuwa wa Ireland, Malta na Cyprus. Ya diwani nilikuwa napiga kila mara, hii hapana. Kwa hiyo mukisema kabila na umri na tabaka, ongezeni na pasipoti ya kikoloni, mwenye alitawaliwa na Mwingereza alikuwa na sauti, mwenye alitawaliwa na Mbelgiji akakaa kimya. Kura yenyewe Mtanzania wangu aliniuliza apige nini, nikamwambia, akapiga. Nusu kura nilipata.

Kijana wa Reading:

Mi nilikuwa na miaka 17 hiyo siku, nilibakiza wiki tatu. Scotland 2014 kwenye kura yao ya kujitenga waliruhusu kuanzia 16, hii ya 2016 wakakataa, ndo maana nikisikia mtu anasema vijana hawakwenda kupiga kura nachemka. Kwanza zile hesabu za mwanzo zilizosambaa eti theluthi moja tu walienda zilikuja kupingwa, makadirio ya baadaye yalisema karibu theluthi mbili ya vijana waliojiandikisha walienda. Ila ndio, wazee walikuwa kama tisa kati ya kumi, hapo hatuna la kujitetea.

Na ujiandikishaji ulikuwa vurugu, siku ya mwisho tarehe 7 Juni tovuti ikazidiwa usiku ikaanguka, wakaongeza siku mbili. Nani alikuwa anajiandikisha saa nne usiku? Siyo mzee mwenye nyumba moja toka 1975, ni sisi tunaohama kila mwaka mkataba ukiisha, kila ukihama unaanza upya. Mshua wangu anaendesha teksi alipiga Kutoka, mama nesi alipiga Kubaki, nyumbani ikawa ni kimya mpaka leo hatuongelei. Lakini mzee wa Coventry nakuelewa, nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiongea hiyo ya mkewe, mshua hajawahi kutuambia yake.

Mama Mapacha, Leicester:

Muulize.

Dada wa Boston:

Asanteni sana jamani, nimesoma yote kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo. Fomu nimejaza, majina yote manne, yule wa kuchana kanuna ila kasaini.

Jana usiku wakati namlaza nikamuuliza bibi taratibu, kwani mimi nilikukosea nini? Akacheka akashika mkono. Akasema zamani msimamizi wa kiwanda alikuwa anajua jina lake na la marehemu mumewe, ukiumwa unasema naumwa. Baada ya 2004 wakaanza kuja watu wa Poland na Lithuania, na yeye hana tatizo nao, mmoja ndo alimfundisha kutengeneza pikoli za matango, tatizo kazi zikawa zinatoka kwa wakala tu, gari linapita saa kumi alfajiri, kama hukuwemo kwenye orodha ya simu huna zamu. Aliyemiliki mashamba hakuhama wala hakupungukiwa. Nikamuuliza na huyo mwenye mashamba alipiga nini, akasema Kutoka, pamoja na mimi, tulikutana kwenye foleni akanisalimia kwa jina, mara ya kwanza.

Mjukuu alitaka kwenda kusoma Hispania mwaka mmoja kwa Erasmus, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, Uingereza ilipotoka ikajitoa na humo, ndo hasira zake. Nauli ya chuoni lakini alikuwa anampa bibi. Leo kaniandikia ujumbe anauliza bibi kala? Nimemjibu kala viazi na samaki, kamaliza. Hajaniambia nimsalimie, lakini kauliza.

Swali la mwisho halafu niwaache. Pasipoti yangu inaisha muda mwezi Machi na ubalozini foleni mnaijua, kura ya madiwani ikinikuta imekwisha itakubaliwa?

Mama Mapacha, Leicester:

Inakubaliwa hata ikiwa imekwisha muda, mradi sura bado ni yako.